Misikiti ya Kale: Tusome Kabla ya Kubomoa

Imezuka ada mwambaoni ambayo nia yake ni njema na matokeo yake ni mabaya. Msikiti wa zamani ukipata mfadhili, jambo la kwanza linalotajwa katika kikao cha kamati ni kubomoa. Ukuta wa mawe na chokaa huambiwa umechakaa, mihrabu huambiwa ni ndogo, na baada ya Ijumaa mbili tatu husikii ila nyundo. Miezi michache baadaye pana msikiti mpya, vigae vinang'aa toka sakafuni hadi madirishani, feni zinazunguka, na kila mtu anamshukuru Mwenyezi Mungu. Mimi nami hushukuru. Kuipendezesha nyumba ya ibada si jambo la kulaumiwa.

Ninacholaumu ni haraka. Katika kuta hizo, hasa ukuta wa kibla, mara nyingi mna mawe yaliyochongwa maandishi: aya za Qurani, majina ya waliojenga, na pengine mwaka. Maandishi hayo ndiyo daftari letu. Karatasi za mwambao zimeliwa na mchwa na unyevu, na ni chache mno zilizosalia ambazo umri wake unavuka karne ya 18 kurudi nyuma. Mawe yamekwenda mbali zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi leo twaliharibu daftari lenyewe, kwa mikono yetu, tena kwa fedha za sadaka.

Nataka nianze na Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwa sababu pale pana somo kamili. Anayeupita msikiti wa Dimbani kwa nje haoni ajabu yoyote. Ni nyumba ya kawaida yenye paa la mabati. Ajabu iko ndani, kwenye mihrabu. Hapo pana maandishi ya khati ya Kufi, herufi zake zimechipua majani na maua, na wajuzi wa khati wameyafananisha na kazi za Siraf, ile bandari ya kale ya Uajemi. Yaeleza kwamba Sheikh Sayyid Abu Imran Musa bin Hassan bin Muhammad aliamrisha msikiti huo ujengwe, katika mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 wa Hijria. Kwa miladi ni katikati ya mwaka 1107. Mtaalamu Samuel Flury aliyachapisha na kuyafafanua mwaka 1922, na hadi leo yahesabiwa miongoni mwa maandishi makongwe kabisa yenye tarehe katika mwambao wote wa Afrika Mashariki.

Lakini si hilo tu. Papo hapo pana tarehe ya pili, mwaka 1184 wa Hijria, yaani 1770 au 1771. Huo ndio mwaka msikiti ulipojengwa upya, na sehemu kubwa ya kuta tunazoziona ni za wakati huo, si za wakati wa Abu Imran. Sasa tuwafikirie mafundi wale wa 1184. Walikuta msikiti umechoka. Walikuwa na haja ya kujenga, kama kamati zetu zilivyo na haja leo. Hawakuwa na idara ya turathi ya kuwaamrisha, wala kamera, wala wataalamu kutoka ng'ambo. Hata hivyo walijenga upya wakayahifadhi maandishi ya wazee wao, kisha wakaandika mwaka wao wenyewe. Walijua kwamba anayekuja baada yao atataka kujua mambo mawili: nani alianza, na nani alirudia. Tukiwa na elimu zote hizi za leo, twashindwaje kufanya lililofanywa na mafundi wa miaka mia mbili na hamsini iliyopita?

Kizimkazi patufundisha pia namna ya kuisoma tarehe, jambo ambalo wengi hulikosea. Kwanza ni hesabu. Utamsikia mtu akiona 500 ya Hijria anajumlisha 622 na kutangaza kuwa ni mwaka 1122. Amekosa kwa miaka 15. Mwaka wetu ni wa mwezi mwandamo, una siku 354 au 355, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni sawa na takriban 32 ya miladi. Njia nyepesi ni hii: gawanya mwaka wa Hijria kwa 33, toa jawabu lake katika mwaka wenyewe, kisha ndipo ujumlishe 622. Mia tano kwa 33 ni 15, zabaki 485, jumlisha 622, wapata 1107. Njia hiyo yaweza kupunguka au kuzidi mwaka mmoja, lakini haitakupoteza. Mtoto wa madrasa aweza kuifanya kwa chaki.

Pili ni kuuliza: tarehe hii yashuhudia nini? Mwaka 500 wa Kizimkazi washuhudia msikiti wa kwanza, haushuhudii kila jiwe lililopo. Anayesema kuta zote zile zina umri wa miaka mia tisa amelisema jiwe kinyume cha lilivyosema. Mawe huhama. Jiwe zuri la mihrabu iliyoanguka hubebwa likatiwa katika msikiti mwingine, au juu ya mlango, au kaburini. Kwa hiyo haitoshi kujua jiwe limeandikwa nini. Ni lazima kujua lilikuwa wapi, limetazama upande gani, na limeshikwa kwa chokaa ya namna gani. Jiwe likishang'olewa bila ya hayo kuandikwa, nusu ya ushahidi wake imekwisha hata kama herufi zote ni nzima.

Tutazame Gede, karibu na Malindi. James Kirkman alianza kuchimbua magofu yale mwaka 1948. Liko kaburi moja pale linaloitwa kaburi lenye tarehe, kwa kuwa limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 au 1400. Kaburi lile halituambii Gede ilianzishwa lini. Latuambia kwamba mwaka huo palikuwa na watu, tena wenye uwezo na elimu. Lakini faida yake imevuka mipaka ya kaburi. Vigae na vyungu vinavyopatikana katika tabaka moja la udongo na kaburi hilo navyo vikapata mahali pa kushikia, na kwa vigae vya Gede wataalamu wakaweza kukisia umri wa miji mingine isiyo na mwandiko. Jiwe moja likawa kigingi ambacho miji imefungwa kwacho. Gede iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2024. Lau kigingi kile kingaling'olewa na mtafuta mawe ya kujengea banda, hesabu nyingi zingalielea.

Na yasiyo na mwaka je? Hayo nayo husema, kwa mwenye subira. Kilwa, katika magofu ya Husuni Kubwa, Neville Chittick alipata maandishi yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lakini sultani huyo twamjua kwa njia nyingine, kwani Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta yeye ndiye anayetawala. Basi jina limefanya kazi ya mwaka. Kwingine ni sura ya herufi ndiyo inayotoa habari: Kufi ni ya zamani zaidi, na khati za mviringo za Naskhi na Thuluthi zilishika nafasi yake katika majengo baadaye. Huko Mnarani, ukingoni mwa hori ya Kilifi, herufi zimesukwa kama ukindu wa mkeka, na msomaji hukaa siku nzima mbele ya mstari mmoja. Tena katika nchi nyingi za Kiislamu mwaka huweza kufichwa ndani ya maneno kwa hesabu ya abjadi. Sisi tuliosoma chuoni twaijua hesabu hiyo kwa ile 786 ya Bismillahi. Asiyeijua atapita mbele ya tarehe akidhani amesoma dua.

Wengine watauliza, si kuna vyombo vya kisasa vya kupima umri? Vipo, na vimetuletea faida kubwa. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimbua katika miaka ya 1980 akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine iliyotangulia, ya kwanza yake ikiwa ya miti, toka karne ya 8. Misikiti ile haikuacha mwandiko. Udongo ndio uliosema. Lakini vyombo hupima makaa, mifupa na mbegu. Tumbawe limekaa baharini kabla ya fundi kulichonga, na kipimo hakiwezi kukuambia siku ambayo tindo iligusa uso wake. Makaa yaliyonaswa ndani ya chokaa huweza kusaidia, lakini hutoa kadirio la miongo, pengine karne. Jina la aliyejenga hakuna chombo kitakachokupa. Hilo limo katika herufi peke yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika mji mmoja wa mwambao, ambao jina lake nalisitiri, nikasome maandishi kabla msikiti haujajengwa upya. Nilipofika, mihrabu ilikuwa imekwisha kuanguka. Nikamwuliza fundi yako wapi mawe yenye maandishi.

"Maalim, tumeyatia yote kwenye msingi wa birika," alinijibu kwa adabu. "Yalikuwa mawe magumu, mazuri."

Hakuna aliyepiga picha. Hakuna aliyenakili. Wazee watatu waliokuwa wakisali mbele ya mihrabu ile tangu utoto wao walikumbuka kuwa mwaka ulikuwapo, lakini kila mmoja alitaja mwaka wake. Fundi simlaumu, kwani kazi yake ni kujenga na hakuambiwa neno. Mfadhili naye alikuwa mbali. Nawauliza tuliokuwa karibu, sisi wasomi na wazee wa mwambao: fundi angejuaje, ikiwa sisi tunaojua hatukusema mapema?

Msomaji asidhani hili ni jambo la wapenda magofu. Kwa muda mrefu historia ya mwambao iliandikwa na watu waliotuambia kwamba miji hii ilijengwa na wageni kwa ajili ya wageni, na wenyeji walikuwa watazamaji. Upande wa pili tunao wenzetu ambao kila mji wao una umri wa miaka elfu na kila ukoo wao umeshuka chomboni siku moja na Waislamu wa kwanza. Wote wawili wanahitaji shahidi asiyependelea, na shahidi huyo ni jiwe lenye mwaka likiwa mahali pake. Isitoshe, huu ni mwambao ambao kesi zake za ardhi haziishi. Kuna watu wameishi mahali kwa vizazi na vizazi na hawana karatasi hata moja. Msikiti wa kale na makaburi yake ni katika vichache wanavyoweza kuvinyooshea kidole wakasema: hapa tulikuwapo. Tukivivunja wenyewe, tutanyoosha kidole wapi?

Najua pingamizi la kidini, nalo nalistahi. Wako wanaosema kuandika juu ya makaburi na kupamba misikiti ni mambo yaliyokatazwa au kuchukiwa, nao wana hadithi wanazozitegemea. Sikuja hapa kuwafunza wanazuoni kazi yao. Nasema tu kwamba kuacha kuandika leo ni jambo moja, na kuvunja kilichoandikwa miaka mia sita iliyopita ni jambo jingine. Hakuna anayeombwa kuliabudu jiwe. Tunaombwa kulisoma, na Qurani yenyewe yatuhimiza mara kwa mara tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Tena tukumbuke kuwa maandishi mengi ya mihrabu ni aya. Kwenye mji ule niliousema, maneno ya Mwenyezi Mungu yamezikwa chini ya mahali pa kuoshea miguu. Nani katika sisi angelikubali kufanya hivyo kwa msahafu?

Kisha tuwatazame ndugu zetu wa Misri. Katika kisiwa cha Philae, karibu na Aswan, liko hekalu la Isis, mungu wa kike wa watu wa kale. Ukutani mwake mna maandishi ya mwisho yajulikanayo kuandikwa kwa herufi zile za picha za Mafirauni, yenye tarehe ya 24 Agosti mwaka 394 wa miladi. Bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika mwaka 1902, lililizamisha hekalu hilo kwa miezi mingi ya kila mwaka. Bwawa kuu lilipokuja, ilijulikana kuwa litaangamia. Serikali ya Misri ikashirikiana na UNESCO. Katika miaka ya 1970 hekalu likazungushiwa ukuta, maji yakatolewa, mawe yakatiwa alama moja moja, yakahamishiwa kisiwa cha Agilkia kilicho jirani, na mwaka 1980 likafunguliwa likiwa limesimama tena. Wengi wa watu wa Misri ni Waislamu. Hawamwabudu Isis, na kuhifadhi kuta zake hakukuwapunguzia imani hata chembe. Walijua kuwa hiyo ni habari ya nchi yao. Ikiwa wao walifanya hayo kwa hekalu la miungu isiyo yao, sisi twashindwa na mihrabu za babu zetu, zenye shahada yetu wenyewe?

Najua hatuna fedha za Philae. Hatuzihitaji. Mengi ya kufanywa hayagharimu ila azma, nami nayataja ili kamati yoyote iweze kuyashika.

La kwanza ni kunakili kabla ya kugusa. Leo kila kijana ana simu yenye kamera. Aende usiku, azime taa, mwenzake aiweke tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite juu ya mawe kwa mshazari. Herufi zilizofifia zitasimama zenyewe kwa vivuli vyake. Apige ukuta mzima kwanza, kisha jiwe moja moja, na kando yake aweke rula. Picha ziwekwe mahali patatu, si katika simu moja inayoweza kutumbukia baharini.

La pili ni kujua kisichofaa. Msiyasugue maandishi kwa brashi ya waya wala msasa, wala msijaze chaki katika herufi. Huko India maandishi ya mahekalu yamenakiliwa kwa maelfu kwa karatasi iliyoloweshwa, ikagandamizwa ukutani na kupakwa wino, na yamefaa sana. Lakini mengi yake yamechongwa katika mawe magumu ya itale. Tumbawe letu na plasta ya chokaa ni laini, vitabanduka pamoja na karatasi. Rangi ya mafuta nayo ni adui. Saruji ni adui mkubwa zaidi, kwani huzuia ukuta kupumua; unyevu na chumvi hubaki ndani, chumvi ikikauka huvimba na kulimenya jiwe kutoka ndani. Ukuta uliojengwa kwa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Mafundi wanaoijua kazi hiyo bado wapo Lamu, na vijana wajifunze kwao wangalipo.

La tatu ni kutoa taarifa. Kenya ina Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, na maofisa wa Makavazi wapo Mombasa, Malindi na Lamu. Najua wako wanaoogopa kwamba wakisema, msikiti utachukuliwa ufungwe. Hofu hiyo izungumzwe waziwazi na maofisa wenyewe waje kuiondoa, maana msikiti unaosaliwa ndio unaodumu. Uliofungwa huliwa na popo na mizizi ya mibuyu.

La nne, ikiwa hapana budi kujenga, basi tufanye kama Kizimkazi. Mawe yatiwe namba, yachorwe yalivyokaa, yashushwe kwa mikono ya anayejua, na yarudishwe katika mihrabu mpya pahali pao. Chini yake, kwa unyenyekevu, iandikwe mwaka wa Hijria wa ujenzi huu wa sasa. Nina hakika hakuna mfadhili atakayekataa kuonekana karibu na wazee hao.

La mwisho ni la walimu wenzangu wa vyuo. Tuwatoe watoto nje siku moja kwa mwezi, tuwapeleke kwenye kuta za mji wao, tuwafundishe kusoma khati za kale na kugeuza miaka. Mtoto aliyeusoma mwaka wa msikiti wake kwa macho yake atakuwa mlinzi asiyelipwa mshahara, na siku nyundo itakapokuja atakuwa wa kwanza kuuliza.

Kwa hiyo nazisihi kamati zote, toka Vanga hadi Kiunga. Mwezi huu, kabla ya kikao kijacho cha ujenzi, mmoja wenu na aende na tochi mbele ya mihrabu yenu. Asome kilichoandikwa, na kama hawezi kusoma amwite anayeweza. Akikuta jina, aliandike. Akikuta mwaka, autangaze Ijumaa mbele ya watu wote. Hapo ndipo mjadiliane kuhusu vigae.